60x60 ku boksi? Angalia hii duara mbele ya kutoa dola zako

Jambo bandugu, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na nyie benye munatuangalia toka Goma, Bukavu, hata Dar na Mombasa, karibuni sana. Leo niko na hasira, nasema wazi mwanzo wa video, juu hii boksi nyekundu ya jumele, ile darubini ya macho mbili, yenye iko mbele yangu wameandika 60x60, chini yake tena 20000M, eti inaona mita 20000, na kuna mutu wa kartiye yetu ametoa dola 35 kwa sababu ya hizi namba. Muleki, leta kamera karibu. Munaona? Sitini. Hii jumele haikuze mara 60, haikuze hata mara 20, na tutahakikisha sasa hivi na rula ya mutoto wa shule.

Uzito, mufuko, kamba ya shingo, ile nawaachia, mutasoma ku boksi. Namba mbili tu njo ziko na kazi. Ya kwanza inakwambia kitu kinaletwa karibu mara ngapi, ya pili ni upana wa kioo ya mbele kwa milimita. 8x42 ni mara 8, kioo milimita 42, basi. Sasa mi naweka rula ku kioo ya hii ya boksi nyekundu... 35. Munaona wenyewe. Kwa hiyo 60 ya pili imeshaanguka, bado ile ya kwanza.

Hapa sasa mukae vizuri, juu hii njo sababu ya video yote. Kamata jumele, inyooshe mukono mbali na uso, uielekeze ku mbingu yenye mwangaza, lakini APANA ku jua, bandugu, jua linaweza kuharibu jicho kwa nukta moya tu, batoto musiwaachie kabisa. Sasa angalia kile kioo kidogo cha upande wa jicho. Unaona ka duara ka mwangaza kanaelea pale katikati? Muleki, karibia, karibia tena, weka fokasi... hapo, njo hako. Hako ka duara njo mwangaza wote wenye utaingia mu jicho lako. Pima upana wake. Hapa napata milimita 3 na nusu. Sasa gawanya: kioo ya mbele 35, ka duara 3.5, jibu 10. Hii kitu ni ya mara 10. Si 60. Na muuzaji hawezi kubishana na wewe, juu hesabu iko mu mikono yako, umefanya pale pale ku meza yake.

Na tuseme wangesema ukweli, ikuwe 60x60 ya kweli. Gawanya tena: 60 kwa 60, ka duara ka milimita 1! Ni kuchungulia mu tundu ya sindano. Jicho ya mutu muchana inajifungua milimita 2 ao 3, jioni inafika 5, kijana mu giza kabisa anaweza kufika 7. Ile saa kumi na mbili jua linazama, ndege banarudi ku miti, njo saa ya kuangalia, na njo saa yenye ka duara ka 1 kanakuachia giza tu.

Sasa angalia ya pili, hii ni Nikon Aculon 8x42. Sijalipwa na mutu, sijapewa ya bule. Fanya vilevile... 42 gawanya 8, ni zaidi ya 5 kidogo. Ona vile iko! Duara safi, pembeni kote mwangaza ni moya. Rudia ile nyekundu: pembe zimekatwa, inaelekea kuwa ya pande nne, pembeni kuna rangi ya majivu. Ile ni prizima, kioo ya ndani yenye inapindisha mwangaza, ya bei ya chini, inaacha mwangaza upotee. Mi naweza kukaa na hili jambo siku nzima, juu hakuna mutu anaonyeshaka batu, wote banasoma boksi mbele ya kamera wanasema wow, kisha link.

Na ile rangi nyekundu ya kioo! Banaipenda juu inang'aa. Inarudisha mwangaza mwekundu inje, kwa hiyo wewe unaona dunia ya kijani kijani. Kwa udongo mwekundu wa kwetu Katanga ni hasara tupu.

Kidogo habari za shene: mikro mpya imefika, munasikia sauti imetulia, na live ya jumamosi iko saa mbili usiku, kuran ya umeme ikikatika tutaendelea ku telefone.

Haya, turudi. 8 ao 10? Mi ninasema 8 kwa mutu yenye anasimama. Ukikuza picha, unakuza pia mukono wako kutetemeka. Na upana wa fasi yenye unaona unapungua: hii 8 inakupa karibu mita 140 kwa umbali wa kilomita moya, za 10x42 nyingi zinacheza kati ya 105 na 115. Enda uwanja wa TP Mazembe kule Kamalondo, ule wenye ulifunguliwa 2011. Ukiwa na 8 unaona winga, beki, na mupira wote pamoja. Ukiwa na 20 unaona goti ya golikipa, batu banaruka, goli imeingia, wewe bado unatafuta mupira iko wapi. Na timu yenye imekamata ligi ya mabingwa ya Afrika mara tano haikungojee.

Tena kuna joto. Mwezi wa kumi, saa sita, juu ya barabara hewa inachemka, picha inaogelea. Ukikuza zaidi unakuza kuchemka. Mwezi wa nane na wa tisa ni moshi ya pori kuungua. Asubuhi mapema njo dawa, si namba kubwa.

Lakini ukikaa chini, viwiko juu ya ukuta, 10 inaanza kunivuta, nasema vile ninaona. Usiku, mbingu safi ya mwezi wa sita, 10x50: Jupiter ikiwa juu unaona miezi yake mine imepangana mustari, ileile yenye Galileo aliona 1610. Hapo 8 inaonyesha pia, ila 10 inaonyesha na raha. Kwa kwenda mbuga ya Kundelungu ao Upemba na gari, yenye utategemesha ku dirisha mota ikiwa imezimwa, ningekamata 10. Ndiyo, nimesema 8 hapo juu, na kwa kusimama bado ni 8.

Zile za zoom, 10-30x50, apana. Ku 30 ka duara kanabaki milimita 1.7, na mikono haitaweza. Batu ba telefone nao: Samsung S20 Ultra ya 2020 iliandika 100x, lakini mule programu njo inatanua picha, hakuna kioo ya mara 100. Na mwenye aliuliza juu ya darubini ya bunduki ya bawindaji, ile 3-9x40, hesabu ni ileile: ku 9 duara ni 4.4, ku 3 ni 13, jicho haiwezi kukunywa yote.

Bei sasa. Ile Aculon kule Marekani inacheza karibu na dola 100, ikipita mupaka wa Kasumbalesa unaongeza. Hauna? Tafuta okazioni ya Ulaya ya 8x40 ao 7x50, hata kuukuu, inapita hizi za boksi nyekundu mbali. Ila angalia nguzo ya mbali na macho yote mbili: ukiona nguzo mbili, ao kichwa kinakuuma kisha dakika kidogo, rudisha, imeanguka na ndani imejikunja. Wenye miwani, muulize macho inakaa milimita ngapi toka kioo, chini ya 15 mutaona katikati tu.

Na musipandishe jumele karibu na kambi ya basoda ao ku Luano, uwanja wa ndege, hakuna mutu atakusikiliza ukisema unaangalia ndege. 10x50 iko hapa pembeni imefungwa, tunaipima na rula ku live jumamosi, leteni na zenu.