Lori, hema na Cape Town: safari ipi ununue ukiwa na pasipoti ya Afrika Mashariki

Nimekulia Iringa, karibu na barabara kuu ya kwenda Zambia. Utotoni tulikuwa tunayaona yakipita: malori marefu yenye madirisha kama ya basi, vumbi la nchi kadhaa limeganda mlangoni, abiria wakitupungia mikono. Tuliyaita malori ya wazungu, na kwa miaka mingi haikunijia akilini kwamba kiti cha ndani kinauzwa kwa mtu yeyote mwenye pasipoti na pesa. Kinauzwa. Mimi nimeshakaa humo mara mbili: kwanza Arusha hadi Livingstone, mji wa Zambia, baadaye Livingstone hadi Cape Town. Safari ya kwanza niliilipia zaidi ya nilivyostahili kulipa, na sipendi yakukute yaliyonikuta.

Unachonunua ni hiki. Kiti kwenye lori la watu ishirini na kidogo, hema la watu wawili, nafasi kwenye kambi, milo mingi ya njiani, na huduma ya dereva, mwongoza watalii na mara nyingi mpishi. Hema unalisimamisha na kulikunja mwenyewe. Kukata vitunguu, kuosha sufuria na kufagia lori ni kwa zamu. Vyombo havifutwi kwa kitambaa. Mnasimama duara, kila mtu na sahani mbili mkononi, mnazipepea hewani mpaka zikauke. Kuna siku za kukaa kitini saa kumi au zaidi. Ukiwa ni mtu wa kuchukia foleni ya bafu, afadhali ulizie safari ya lori lile lile ambayo abiria hulala kwenye vyumba. Ni ghali zaidi, lakini ipo.

Sasa bei. Bei ya tangazo imepigwa kwa mgeni kutoka Ulaya au Marekani, kwa sababu huyo ndiye mteja wao wa kila siku. Ndani yake kuna viingilio vya hifadhi kwa kiwango cha mgeni, na hapo ndipo wewe unapoumia. Serengeti, mgeni wa nje analipa zaidi ya dola 70 kwa siku katika msimu wa watalii wengi. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, kiasi ambacho hakifiki hata dola 10. Masai Mara, tangu 2024, mgeni wa nje anatozwa dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba. Kibali cha kuwaona gorila Uganda ni dola 800 kwa mgeni. Kwa raia wa Afrika Mashariki ni kama laki tatu za Uganda, yaani chini ya dola 100.

Safari yangu ya kwanza nililipa bei ya tangazo bila kuuliza kitu. Tulipofika lango la Naabi kuingia Serengeti, mwongozaji alikusanya pasipoti, akaenda dirishani, akarudi na risiti. Aliniita pembeni akaninong'oneza, "Dada, wewe umelipiwa ya mwananchi." Niliiona kwa macho yangu: wenzangu dola, mimi shilingi. Nilipoiandikia kampuni kudai tofauti, nilijibiwa kwamba bei ni moja kwa abiria wote. Sikurudishiwa hata senti. Kisheria sikuwa na la kusema, maana nilikuwa nimeshakubali bei, lakini fedha ile ingenilipia nauli ya ndege ya kurudi nyumbani.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa hapa chini umefuata swali moja: pesa yako inakwenda kwenye kitu ambacho huwezi kukipata kwa nafuu peke yako, au unanunua kwa dola kilichoko mlangoni kwako kwa shilingi?

Ya kwanza: Livingstone hadi Cape Town

Kama una pesa ya safari moja tu, nunua hii. Ni takriban wiki tatu: Maporomoko ya Victoria, Chobe, Maun na delta ya Okavango, Windhoek, Etosha, Swakopmund, jangwa la Namib, Mto Orange, kisha Cape Town. Sababu yangu ni Namibia. Nchi ni kubwa, watu ni wachache, na mabasi yanafuata barabara kuu tu. Hakuna daladala ya kukupeleka Sossusvlei, kwenye vilima vya mchanga vya Namib. Bila gari la kukodi, tena la kuhimili changarawe, ni vigumu kufika mwenyewe, na kukodi gari peke yako kunazidi bei ya kiti cha lori. Hapa lori linakufanyia kazi ambayo kweli usingeweza kuifanya.

Ukiwa Mtanzania una faida ya pili. Tanzania iko Jumuiya ya Afrika Mashariki na iko SADC pia, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na hifadhi za Namibia na Afrika Kusini zina bei ya watu wa SADC iliyo chini ya ile ya mgeni. Mkongomani vilevile, tangu nchi yake ilipoingia Jumuiya mwaka 2022. Mkenya na Mganda hawana hiyo ya SADC, lakini viingilio vya upande huu si sehemu kubwa ya bei kama vilivyo Serengeti, hivyo hasara yao ni ndogo.

Wakati wa kwenda: Juni au Julai. Maji ya Okavango yanatoka kwenye mvua za nyanda za juu za Angola, na huchukua miezi kushuka, ndiyo maana delta hujaa wakati Botswana yenyewe imekauka. Mtumbwi wao, mokoro, unateleza juu ya majani ukiwa umekaa karibu usawa wa maji, na mwendesha mtumbwi amesimama nyuma na mti wake mrefu. Maporomoko nayo miezi hiyo bado yana nguvu. Ukichelewa mpaka Oktoba au Novemba, upande wa Zambia unaweza kukuta ukuta wa mwamba mkavu. Jina lake la wenyeji, Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, halihitaji mkalimani kwa Mswahili, lakini moshi wenyewe uukute.

Swali la kumbana nalo muuzaji: siku ya Sossusvlei tunalala wapi? Anayelala kambi ya Sesriem ndani ya hifadhi hufunguliwa lango la ndani saa nzima kabla jua halijachomoza. Anayelala nje anasubiri jua litoke. Sisi tulilala ndani. Tuliamshwa gizani, zipu ya hema imejaa mchanga na haitaki kwenda, vidole vimekufa ganzi, tukakunja kwa mwanga wa tochi za kichwani. Tulifika chini ya kilima cha mchanga kinachoitwa Dune 45, kilomita 45 kutoka langoni, nyota bado zipo. Unapanda kwenye ukingo wake mwembamba, ukikanyaga alama ya mguu wa aliyetangulia, kwa sababu ukitoka pembeni unazama hadi kwenye vifundo. Jua lilipogusa, upande mmoja ulikuwa rangi ya kutu na mwingine mweusi kabisa, na mstari wa katikati ndio tuliokuwa tumeukalia. Aliyelala nje ya lango hakuyaona hayo. Tofauti ya bei ya kambi haikuwa ya kutisha.

Hifadhi ya Etosha pia uliza kama mtalala ndani, hasa Okaukuejo. Kambi ile ina kisima cha wanyama kinachomulikwa taa usiku. Tulikaa pale na mablanketi mpaka kifaru mweusi akaja kunywa, na watu wote tukanyamaza, tukimsikia akivuta maji.

Ya pili: Serengeti na Ngorongoro, lakini siyo kwa lori

Hii naiweka ya pili ingawa siyo safari ya lori. Malori yenyewe huachwa Arusha au Mto wa Mbu, abiria wanahamishiwa kwenye Land Cruiser za kampuni za hapo hapo. Basi kwa nini upitie kampuni ya Cape Town kununua gari la Arusha? Kusanya ndugu na marafiki watano au sita wenye vitambulisho au pasipoti za Afrika Mashariki, nenda kwa wakala wa Arusha mwenye leseni, mwambie mnataka usiku tatu za kambi, viingilio kwa kiwango cha mwananchi, mchanganuo kwenye karatasi. Kinachobaki cha kulipia ni gari, mafuta, dereva, mpishi na vifaa, mkigawana. Ukingoni mwa Ngorongoro, kambi ya Simba, beba koti zito. Ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku ni baridi hasa.

Ya tatu: Dar es Salaam hadi Livingstone kupitia Malawi

Kipande kizuri, na bei yake kwa siku huwa ya chini kuliko vingine, kwa kuwa siku nyingi ni za barabara na ufukwe. Ziwa Nyasa upande wa Malawi, Chitimba na Kande, ni pa kupumzika kweli. Hifadhi ya Luangwa Kusini ndiyo roho ya kipande hiki. Hakikisha imo, maana baadhi ya malori huipita moja kwa moja kutoka Chipata kwenda Lusaka. Ikiwa haimo, usinunue. Basi la Dar hadi Lusaka litakufikisha kwa sehemu ndogo ya pesa hiyo.

Ukioga ziwani, kumbuka kichocho. Pima ukirudi.

Ya nne: Nairobi hadi Cape Town nzima

Karibu wiki nane. Ndiyo inayopendwa kwenye matangazo, na ndiyo ninayomwambia mtu wa kwetu asikimbilie. Wiki za mwanzo unalipia kwa dola mambo ambayo ungeyafanya kwa shilingi: Mara, Serengeti, Zanzibar. Wewe wa Tanga au Mombasa huna haja ya kulipia siku tatu za Zanzibar zilizopangwa na mtu wa Cape Town. Faida yake ni watu. Wiki nane na watu wale wale, mnajuana mpaka nani anakoroma. Ukiitaka kwa hilo, omba uingie njiani, upandie Dar au Livingstone. Kampuni nyingi zinauza njia hiyo kwa vipande na abiria hupanda na kushuka kati.

Hesabu inageuka kama pasipoti yako ni ya Uingereza au Marekani, hata kama Kiswahili chako ni cha Lamu. Langoni wanatazama kitabu, hawatazami lugha. Kwako bei ya mgeni ndiyo bei, kwa hiyo safari nzima inaweza kuwa na maana, ila weka akilini viza: Namibia imeanza kudai viza kwa raia wa nchi hizo tangu Aprili 2025.

Ya tano: mzunguko wa gorila kutoka Nairobi

Gorila mwenyewe hana mfano. Ninachokikataa ni kifurushi. Kibali kikiwa kimeingizwa kwa dola 800, au 1,500 kwa upande wa Rwanda, na wewe ni raia wa Afrika Mashariki, tofauti inakuzidia nauli, chakula na malazi ya Bwindi, msitu wa gorila wa Uganda, kwa pamoja. Panda basi hadi Kampala, nunua kibali mamlaka ya wanyamapori ya Uganda kwa kitambulisho chako.

Kabla hujatoa malipo ya awali

Andikia kampuni barua pepe, siyo ujumbe wa simu, uwaambie uraia wako na uombe bei ipigwe upya kwa viwango vya Afrika Mashariki au SADC. Wengine watakataa, wengine watakupunguzia. Pata jibu kwa maandishi. Uliza pia kama kuna fedha ya mfuko wa pamoja inayokusanywa siku ya kwanza kwa dola taslimu. Mara nyingi inaandikwa kwa herufi ndogo chini ya bei. Ijumlishe, pamoja na shughuli za hiari, bakshishi na milo isiyojumuishwa, kisha gawa kwa idadi ya siku. Hapo ndipo utalinganisha kampuni na kampuni. Noti za dola ziwe mpya. Zile za zamani hukataliwa mpakani na kwenye maduka ya fedha.

Ukisafiri peke yako, uliza kama utawekwa hema moja na mtu wa jinsia yako au utalazimishwa kulipia hema zima. Kwa Waislamu: sema habari ya nyama halali wakati wa kununua, siyo ukishapanda. Mpishi hununua vitu vya siku kadhaa kwa pamoja, na huko Namibia akishapita mji mmoja anaweza kukosa pengine pa karibu pa kununua. Kwenye lori letu walikuwepo wawili. Mpishi aliwatengea sufuria na ubao wao wa kukatia tangu Livingstone, na dereva alizoea kusimama jua likizama.

Mtanzania na Mkenya hawahitaji viza kwa njia hii ya Zambia, Botswana, Namibia na Afrika Kusini kwa safari fupi. Mkenya alifunguliwa Afrika Kusini Januari 2023. Mganda, Mnyarwanda, Mrundi na Mkongomani waulize ubalozi wa kila nchi mapema. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ipatikane angalau siku 10 kabla ya kuvuka. Chanjo moja inatosha maisha yote. Dawa za kuzuia malaria zinywe hata na sisi tuliozoea mbu, kwa sababu ukiugua delta ya Okavango uko mbali na hospitali.

Na mfuko wa kulalia usiazime wa Dar. Wa kwangu ulikuwa wa kulalia ufukweni, na usiku wa Juni huko Namib nililala na soksi mbilimbili, kofia, na taulo nililolitandika juu ya blanketi la jirani. Nunua wa kuhimili nyuzi sifuri.