Lifti ya gari kwa gereji ya nyumbani: ipi ununue, na kwa nini sakafu ndiyo yenye kauli ya kwanza

Ukishalala chini ya gari mara za kutosha, mgongo kwenye zege baridi na vumbi la breki likikudondokea machoni, wazo la kununua lifti huja lenyewe. Wengi huanza kwa kutazama picha na bei. Mimi naomba uanze na drili.

Chukua drili ya nyundo na biti ya zege ya milimita 10, utoboe pale ambapo nguzo ya lifti ingesimama. Hakikisha kwanza hakuna bomba wala waya unaopita chini. Biti ikizama ghafla, zege limeisha na umefika kwenye kifusi. Kunja ncha ya waya mgumu iwe kama ndoano ndogo, itumbukize kwenye tundu, kisha uivute juu mpaka ishike upande wa chini wa zege. Tia alama ya kalamu kwenye waya usawa wa sakafu, utoe, upime. Nilipofanya hivyo kwangu nilitegemea sentimita 12, maana ndivyo nilivyoambiwa na aliyemwaga sakafu hiyo. Upande wa mlango nilikuta 11. Upande wa ukuta nilikuta 7, upana wa vidole vinne. Kwa macho ilikuwa sakafu moja, laini, haina hata ufa. Ningefunga nguzo bila kutoboa, nusu ya gari ingekuwa inategemea vidole hivyo vinne.

Lifti nyingi za nguzo mbili zinadai zege la angalau sentimita 10, lenye nguvu ya megapaskali 20 hivi (kipimo cha mgandamizo ambao zege linastahimili; vitabu vya Marekani huandika psi 3,000), na lililokaa siku 28 tangu kumwagwa. Baadhi ya watengenezaji wanataka nene zaidi, na kitabu cha lifti yako ndicho chenye amri. Sababu ni hii: mikono ya lifti inachomoza kuelekea katikati ya gereji, na gari limekaa kwenye ncha za mikono hiyo. Uzito huo unajaribu kuangusha kila nguzo kwa ndani, kwa hiyo bolti za upande wa nje zinavutwa kwenda juu kama msumari unaong'olewa. Kinachozizuia ni zege peke yake. Ndiyo maana bolti haziruhusiwi kukaa karibu na ufa, ukingo au kiungo cha sakafu, na vigae au lami juu ya zege haviongezi kitu chochote kwenye unene.

Sakafu ikishindwa, unaweza kukata mraba wa zaidi ya mita moja kila upande mahali pa kila nguzo, kuchimba, na kumwaga zege jipya lenye nondo kwa vipimo vya mtengenezaji. Ni kazi ya vumbi na subira. Mimi nilikata pande zote mbili, hata ule uliokuwa na 11, na sijutii hata siku moja niliyosubiri.

Kisha inua macho. Hesabu ya dari ni nyepesi: kimo cha gari, ongeza urefu unaotaka kulinyanyua, ongeza sentimita 10 za nafasi. Mtu wa mita 1.75 anayetaka kusimama wima chini ya gari dogo lenye kimo cha mita 1.45 anahitaji dari ya mita 3.3. Akiwa na gari refu la mita 1.9, anahitaji mita 3.75. Pima kutoka kwenye kitu kilichoshuka zaidi, yaani taa, boriti, au reli ya mlango wa gereji unaojikunja juu. Reli hiyo imewaumbua wengi, kwa sababu mlango ukifunguliwa unalala hasa pale paa la gari linapotaka kupanda. Dari ya mita 2.7 haikufungii njia. Utalinyanyua gari dogo mita moja na kidogo, na utafanya kazi umekaa kwenye kigoda cha magurudumu. Breki, shokapu na bushi zote zinafikika ukiwa umekaa hivyo.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze aina. Ninavyozipanga mimi, kwa mtu anayetengeneza magari yake mwenyewe nyumbani, ni hivi.

Ya kwanza: nguzo mbili. Kwa kazi halisi ya ufundi hakuna inayoishinda. Magurudumu yote manne yananing'inia, katikati pako wazi, giaboksi inashuka, ekzosi inatoka nzima, na unazunguka gari bila kujikunja. Za nyumbani nyingi hubeba tani 4 hadi 4.5. Zipo za maumbo mawili. Ya kwanza ina boriti juu inayobeba mabomba ya haidroliki (yenye oili inayosukumwa na pampu) na kebo za chuma, kwa hiyo sakafu inabaki tupu, ila inahitaji dari ya mita 3.6 hivi. Ya pili inapitisha kebo chini ya bamba la chuma sakafuni, na nguzo zake huishia karibu na mita 2.8 au 3. Bamba hilo litakukera kila ukisukuma jeki ya giaboksi, lakini kwa dari fupi ndilo jibu.

Utaulizwa pia kuhusu mikono: iliyo sawa mbele na nyuma, au ile ambayo ya mbele ni mifupi na ya nyuma mirefu. Kwa magari madogo chagua mifupi mbele. Gari linakaa nyuma kidogo ya nguzo, mlango unafunguka bila kugonga chuma, na uzito wa injini unakuwa karibu na nguzo. Kwa pikapu na magari marefu ya kazi, mikono iliyo sawa inatulia zaidi.

Uzito wa gari usome kwa makini. Lifti ya tani 4 ina mikono minne, na kila mmoja umepewa robo tu, tani moja. Gari dogo la tani 1.4 lenye asilimia 60 ya uzito mbele linaweka kilo 420 kwenye kila mkono wa mbele, na hapo huna wasiwasi. Gari kubwa la tani 2.6 lenye mizigo ndani ni hesabu nyingine. Toa mizigo kabla ya kunyanyua. Na ukishusha injini au giaboksi gari likiwa juu, kitovu cha uzito kinahama, upande wa pili unaanza kuwa mzito, na gari lililokuwa limetulia linaweza kuinamia nyuma. Weka stendi ndefu upande huo kabla hujafungua bolti ya mwisho.

Sehemu za kunyanyulia ndizo zinazotaka umakini zaidi kwenye lifti hii, maana hapa kosa ni lako. Pedi nne lazima zikae pale mtengenezaji wa gari alipopaonyesha, kwa kawaida kwenye kingo zilizoimarishwa chini ya milango au kwenye chasisi. Gari la umeme kwa kawaida lina betri iliyotandazwa chini ya sakafu. Pedi isiguse kasha lake hata kidogo. Piga magoti, tazama kila pedi kwa tochi, panda sentimita 10, simama, tikisa gari kwa mikono yote miwili kwenye bampa. Likicheza, shusha upange upya. Mimi hufanya hivyo hata kwa gari nililolinyanyua jana yake.

Ya pili: fremu mbili za kubebeka. Kama sakafu au dari imekukatalia, hapa ndipo kwako, na naamini wengi wanaosoma watatua hapa. Ni fremu mbili za chuma zinazotelezeshwa chini ya gari, moja kila upande, zikiwa na kimo kisichozidi sentimita 10, na pampu ndogo ya haidroliki inayounganishwa kwa mipira. Hulinyanyua gari zima kiasi cha nusu mita, kisha vyuma vya kufuli vinashika. Bado utalala chali, lakini uso wako hautakuwa karibu na oilipani. Magurudumu yote yanatoka, katikati pako wazi, na kazi ikiisha unazisimamisha ukutani na gereji inarudi kuwa gereji. Huhitaji bolti hata moja, ila sakafu iwe tambarare na ngumu. Zipo pampu zinazotumia betri ya volti 12, jambo jema pale umeme unapokatika mara kwa mara.

Kitu kimoja cha kupima kabla ya kulipa: umbali kati ya sehemu ya kunyanyulia ya mbele na ya nyuma kwenye gari lako. Fremu huuzwa kwa urefu tofauti, na fupi haitafika kwa gari refu.

Ya tatu: nguzo nne. Gari linapanda kwa magurudumu yake juu ya njia mbili za chuma, kwa hiyo huwezi kukosea sehemu ya kunyanyulia. Kwa utulivu sijaona inayoizidi, na nyingi za nyumbani hazihitaji kufungwa sakafuni. Ukitaka kuegesha gari moja juu ya jingine, nunua hii, usiendelee kusoma orodha. Nimeishusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu moja: magurudumu yamekalia chuma. Breki, ambazo ndizo kazi ya kila mara, huzigusi mpaka ununue jeki ya daraja inayotembea kati ya njia hizo mbili, na jeki hiyo ni gharama nyingine. Inakula pia nafasi, kwani pamoja na vipandio inaweza kufika mita 5.5 au zaidi. Ukiegesha gari chini yake, weka sinia za plastiki juu zikinge matone ya oili.

Ya nne: mkasi wa kimo cha kati, yaani lifti ya vyuma vinavyopishana kama mkasi. Hunyanyua mita moja hadi 1.2. Kwa matairi, breki na bodi ni chombo kizuri na chepesi kutumia. Lakini mkasi wenyewe umekaa katikati, hasa pale giaboksi na ekzosi zilipo.

Ya tano: lifti za kuinamisha gari ubavu. Kwa kuchomelea sakafu iliyoliwa na kutu ni msaada mkubwa. Kwa mengine, hapana. Betri ya maji itolewe kabla, na oili na petroli zitavuja ukisahau kuzitoa.

Kama unabadilisha oili mara mbili kwa mwaka na kuangalia breki mara moja, usinunue lifti yoyote kati ya hizi. Jeki nzuri ya sakafuni na stendi nne imara zinakutosha, na fedha inayobaki weka kwenye spana.

Upande wa umeme, tazama kibao cha mota kabla ya kutazama rangi. Nyingi za nyumbani zina mota ya kilowati 2.2 hivi ya fazi moja, na inastahili waya na swichi yake yenyewe kutoka kwenye ubao mkuu. Lifti zilizotoka kwenye gereji za biashara mara nyingi ni za fazi tatu, na bei yao nzuri huwavuta watu wasio na fazi tatu nyumbani.

Tafuta pia alama ya kupimwa. Ulaya kiwango cha lifti za magari ni EN 1493. Marekani na Kanada ni ANSI/ALI ALCTV, na lifti iliyopita inabandikwa kibandiko cha dhahabu cha ALI, taasisi ya lifti za magari. Kibandiko kisomwe kwenye nguzo yenyewe pamoja na namba ya modeli, kwa sababu tangazo linaweza kuandika lolote.

Ukinunua iliyotumika, vaa glavu upapase kebo za chuma urefu wote. Uzi mmoja uliokatika utanasa kwenye glavu, na kebo hiyo ni ya kubadilishwa. Kama ni lifti ya skrubu (inayopandishwa na skrubu ndefu ndani ya nguzo) badala ya haidroliki, uliza uonyeshwe nati mbili ndani ya nguzo: ya juu hubeba gari, ya chini ni ya akiba. Nafasi kati yao hupungua kadiri nati ya juu inavyolika, na kitabu kinasema ikifika kiasi gani uibadilishe.

Kisha ipandishe bila gari na usikilize. Makufuli, yaani vyuma vinavyoishika lifti isishuke, hulia ta, ta, ta kwenye kila nguzo. Yakilia kwa pamoja, lifti iko sawa. Upande mmoja ukilia na mwingine ukafuata baadaye, kebo za chuma zinazosawazisha pande hizo mbili zimelegea, na gari litapanda likiwa limepinda. Muuzaji akikuambia itajirekebisha, mwombe airekebishe ukiwa umesimama hapo.

Ikishafungwa kwako, kila ukinyanyua gari lishushe kidogo mpaka lilalie makufuli, ndipo uingie chini. Haidroliki ni ya kupandishia. Kinachokulinda ukiwa chini ni chuma kilichokalia chuma. Baada ya wiki ya kwanza ya kazi, rudi na spana ya toku, ile inayopima nguvu ya kukaza, ukaze bolti zote za sakafuni kwa kipimo cha kitabu. Ile inayozunguka bila kukaza zege lake limeachia, na nguzo hiyo isibebe gari mpaka itengenezwe.