Uchambuzi wa kadi ya RDP kwa mzamiaji anayerudi Dodoma

Ndugu watazamaji, karibuni. Ninachoshika hapa ni kadi ya plastiki ya RDP (Recreational Dive Planner), toleo la mita, inayotolewa na PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, kwa kupangia mbizi za burudani. Ninawachambulia wenzangu wa Dodoma tunaoteremka Zanzibar au Mafia kuzamia, kisha tukapanda kurudi nyumbani, maana safari hiyo ya kurudi inadai hesabu ambayo kadi yenyewe haiimalizi.

Upande wa mbele unasomeka vizuri. Kwenye mita 18 ukomo wa kukaa chini ya maji ni dakika 56, na kwenye mita 30 ni dakika 20 tu, kwa sababu kadiri unavyokwenda chini mgandamizo unaongezeka, na naitrojeni ya hewa unayovuta inayeyuka kwa wingi zaidi katika damu na nyama za mwili. Ukiibuka haitoki yote papo hapo, na ile inayobaki unaingia nayo kwenye mbizi ya pili.

Kadi hii inayageuza mabaki hayo kuwa dakika, na hapo ndipo ninapoipa alama za juu. Ukimaliza mbizi ya kwanza unapata herufi inayoonyesha kiasi cha naitrojeni iliyobaki mwilini. Kadiri unavyopumzika botini herufi inarudi kuelekea A. Halafu unaigeuza kadi na kuoanisha herufi mpya na kina unachokwenda. Tuseme imekupa dakika 20 za mabaki kwa mita 18: ukomo wako sasa ni dakika 36, na ukizamia dakika 30, kwa mbizi ya tatu utajihesabia 50. Anayesahau kujumlisha zile 20 anajidanganya katika kila mbizi inayofuata.

Kasoro yake ni kwamba inahesabu muda wote kana kwamba ulikaa kwenye kina cha chini kabisa. Kompyuta ya mzamiaji hufuata kina chako hatua kwa hatua, hivyo hukupa muda mrefu zaidi kwenye mwamba wa mteremko.

Sasa suala letu. Ukishapumzika juu ya maji kwa muda wa saa sita, kadi inakuchukulia kuwa huna mabaki ya kuhesabu, na imetengenezwa kwa maeneo yasiyozidi mita 300 juu ya usawa wa bahari. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100. Hewa ya huku ina mgandamizo mdogo, na nyama za mwili zinazoachia naitrojeni polepole bado zinayo. Ukiwahi kupanda, inaweza kutoka kwa viputo na kukuletea maumivu ya viungo au hata kupooza. Ushauri wa kabla ya kupanda ndege ni kusubiri walau saa 12 baada ya mbizi moja, na walau saa 18 baada ya mbizi za kurudia, nao umewekwa kwa hewa ya ndani ya ndege yenye mgandamizo unaolingana na mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400, ambamo Dodoma imo. Kwa hiyo treni ya SGR, ya reli ya kisasa, inayokufikisha huku kutoka Dar es Salaam kwa takriban saa nne, ihesabiwe kama ndege. Ukitoka majini Jumamosi saa sita mchana, saa 18 zinatimia Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Kata tiketi ya baada ya hapo.