Huế kwa siku mbili: tiketi ya pamoja, makaburi ya wafalme na pagoda zisizo na kiingilio

Kwa bei za mwaka 2024, tiketi ya pamoja ya Huế, mji wa kifalme wa zamani katikati ya Vietnam, ni dong (pesa ya Vietnam) 530,000. Inakuingiza Đại Nội, yaani ikulu ya zamani iliyozungushiwa ukuta, na makaburi matatu ya wafalme: la Minh Mạng, la Tự Đức na la Khải Định. Ukikata moja moja, ikulu ni 200,000 na kila kaburi 150,000, jumla 650,000. Ipo nyingine ya 420,000 yenye ikulu na makaburi mawili tu, la Minh Mạng na la Khải Định. Chukua ile ya 530,000. Kumwacha Tự Đức kwa ajili ya dong 110,000 ni kujipunja.

Tiketi hiyo inadumu siku mbili, na hapo ndipo wageni wengi wanapojikosesha. Safari za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo huuzwa kwa wingi katika mji wa Da Nang, karibu kilomita 100 kusini. Ukizichukua unafika Huế asubuhi imeshakwenda, unazunguka ikulu kwenye jua la utosini, unashushwa haraka kwenye kaburi moja au mawili, kisha unarudishwa barabarani. Mtu aliyesafiri kutoka Mombasa au Dar es Salaam hadi Vietnam asikubali mpango huo. Lala Huế usiku mmoja au miwili. Treni kutoka Da Nang inachukua kama saa mbili na nusu hadi tatu, na inapita kando ya bahari chini ya mlima wa Hải Vân. Kaa upande wa bahari, yaani kulia unapoelekea Huế.

Mji huu ulikuwa makao makuu ya nasaba ya Nguyễn tangu 1802 hadi 1945, wafalme 13. Ngome ilianza kujengwa enzi za Gia Long, mfalme wa kwanza, na ikakamilika 1832, enzi za mwanawe Minh Mạng. Ukuta wa nje una mzunguko wa karibu kilomita 10 na milango 10, na ndani yake watu wanaishi maisha yao ya kawaida: nyumba, maduka, vibanda vya kahawa. Huko hulipi kitu. Unacholipia ni eneo la ndani, lenye ukuta wake wa kilomita 2.5 hivi. UNESCO iliyaingiza majengo ya Huế kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1993, ya kwanza kabisa kwa Vietnam.

Đại Nội hufunguliwa saa 12:30 asubuhi majira ya joto na saa 1:00 majira ya baridi. Uwe mlangoni saa hiyo. Kuanzia Mei hadi Agosti joto linapita nyuzi 35 siku nyingi, na viwanja vya ikulu ni mawe na majani mafupi, kivuli hakuna. Saa nne asubuhi mtu aliyeanza alfajiri anamaliza. Aliyeanza saa nne anakata tamaa nusu ya njia.

Unaingia kwa Ngọ Môn, lango la kusini lililojengwa 1833. Lina njia tano: ya katikati ilikuwa ya mfalme peke yake, mbili za pembeni yake za maofisa wa kiraia na wa kijeshi, na mbili za mwisho za askari, tembo na farasi. Panda juu kwanza kabla ya kuendelea. Paa la katikati lina vigae vya njano, rangi ya mfalme, na mengine ni ya kijani. Hapo juu ndipo Bảo Đại, mfalme wa mwisho, alipotangaza kujiuzulu tarehe 30 Agosti 1945, na ufalme ukaisha. Ukitazama nje, mnara wa bendera uko mbele yako. Ukigeuka ndani, unaona mpango mzima wa ikulu umenyooka kaskazini. Ukiushika mpango huo hapo juu, huhitaji ramani tena.

Mbele ni Thái Hòa, ukumbi wa kiti cha enzi, wenye nguzo 80 za mbao ngumu zilizopakwa laki nyekundu na kuchorwa majoka ya dhahabu. Ulifungwa kwa matengenezo karibu miaka mitatu na kufunguliwa tena Novemba 2024. Rangi bado zinawaka. Wapo wanaosema umekuwa mpya mno, lakini mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa na unyevu, na jengo la mbao katika nchi ya mvua namna hii hudumu kwa kutengenezwa tu.

Kosa kubwa hutokea baada ya Thái Hòa. Watu hunyoosha kaskazini moja kwa moja kwenda Kiến Trung, kasri lililojengwa upya na kufunguliwa 2024, kwa sababu linapendeza kwenye picha. Njiani wanapita uwanja mtupu na kuuliza ikulu iko wapi. Sehemu ile ilikuwa makazi ya mfalme mwenyewe. Iliungua karibu yote 1947 vita vilipopita, na mapigano ya 1968 ya Vita vya Vietnam, yaliyodumu karibu mwezi mzima ndani ya mji, yakamalizia mengi yaliyokuwa yamesalia. Usiupite uwanja huo haraka. Misingi ya majengo bado inaonekana, na ukiitembea unaelewa ukubwa wa kilichopotea kuliko ubao wowote unavyoweza kukueleza.

Lakini kabla ya huko, pinda kushoto. Kusini-magharibi ndiko kuna Thế Miếu, hekalu la kuwakumbuka wafalme wa nasaba, na kwa maoni yetu ndiyo sehemu bora ya Đại Nội yote. Vua viatu na kofia, usikanyage kizingiti, kivuke. Ndani kuna meza za ibada zimepangwa mstari, moja kwa kila mfalme anayetambuliwa. Zilikuwa saba. Tatu ziliongezwa baada ya utawala wa Kifaransa kuondoka, za wafalme waliowapinga Wafaransa wakapelekwa uhamishoni: Hàm Nghi, aliyepelekwa Algeria, na Thành Thái na mwanawe Duy Tân, waliopelekwa kisiwa cha Réunion mwaka 1916. Duy Tân hakurudi akiwa hai. Alikufa kwa ajali ya ndege Desemba 1945 katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mifupa yake ilirudishwa Huế mwaka 1987. Amezikwa An Lăng, kaburi dogo la familia ndani ya mji, ambako basi za utalii hazisimami. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, meza yake pale Thế Miếu inastahili dakika zake.

Nje ya hekalu, mbele ya banda la ghorofa tatu liitwalo Hiển Lâm Các, vimesimama vyungu tisa vya shaba vyenye miguu mitatu, saba kati yake kila kimoja cha mfalme wake. Vilisubuliwa kati ya 1835 na 1837. Kikubwa zaidi, cha Gia Long, kina zaidi ya tani 2.5 na kimesogezwa mbele ya mstari. Zungukia kila kimoja: vimechongwa milima, mito, majahazi, mizinga, miti, ndege, wadudu, nchi nzima imeandikwa kwenye shaba kwa picha 162. Jua la asubuhi likiwa pembeni, michoro inajitokeza, mchana inapotea. Hii ni sababu nyingine ya kuwahi.

Toka kwa Hiển Nhơn, lango la mashariki lililopambwa vipande vya kauri. Tunza tiketi: hiyo hiyo inakuingiza jumba la makumbusho ya vitu vya kifalme, ndani ya kasri la Long An, mwendo mfupi kwa mguu. Ni dogo, nusu saa inatosha.

Siku ya pili ni ya makaburi, na mpangilio wake unafuata barabara. Kodi gari au bodaboda kwa nusu siku, mkubaliane bei ya safari nzima, siyo ya kila kituo, uiandike kwenye simu umwonyeshe dereva. Grab, programu ya simu ya kuita usafiri, inafanya kazi mjini, ila kupata usafiri wa kurudi kutoka Minh Mạng ni bahati nasibu, kwa hiyo mwenye chombo akusubiri. Anzia mbali, kilomita 12, kwa Minh Mạng, kisha rudi polepole kuelekea mjini: Khải Định, Tự Đức, mwisho pagoda, yaani hekalu la Wabudha, ya Từ Hiếu.

Minh Mạng ndilo kaburi zuri kuliko yote. Lilijengwa 1840 hadi 1843, na kila kitu kimekaa kwenye mstari mmoja wa karibu mita 700: uwanja wa sanamu za maofisa, tembo na farasi wa mawe, banda la jiwe la maandishi, hekalu, ziwa, kibanda cha Minh Lâu, daraja, na mwisho kilima cha mviringo chenye misonobari ambamo mfalme amelala. Lango kuu lilifunguliwa mara moja tu, kuingiza jeneza. Wewe utapita la pembeni. Wengi hugeuza hekaluni wakidhani wamemaliza. Endelea mpaka mlango wa shaba chini ya kilima. Tenga saa moja na nusu.

Kaburi la Khải Định, lililojengwa 1920 hadi 1931, ni kinyume chake. Ngazi 127, mlima mtupu, zege lililogeuka jeusi kwa mvua. Nje linaogofya kidogo. Ndani ya ukumbi wa Thiên Định kuta zote zimepachikwa vipande vya kauri na kioo: maua, ndege, majira manne, na dari limechorwa majoka ndani ya mawingu. Aliyewahi kuona makaburi ya nguzo ya pwani yetu, kama yale ya Kunduchi, anajua bakuli za kauri za Kichina zilizopachikwa nzima kwenye chokaa. Hapa fundi alizivunja kwanza, akakata kila kipande kifuate mkunjo wa ua au gamba la samaki. Sogea karibu na ukuta uone. Ukisimama mbali utadhani ni rangi. Dakika 45 zinatosha, na maji uwe nayo kwa sababu ngazi hazina kivuli.

Tự Đức alijijengea bustani akaiishi kabla ya kuzikwa. Ujenzi wa 1864 hadi 1867 uliwachosha vibarua hadi wakaasi 1866. Kila jengo lina neno Khiêm katika jina lake, maana yake unyenyekevu. Hakuwa na mtoto wa kumzaa, na kwa kuwa ni mtoto anayeandika wasifu wa baba, alijiandikia mwenyewe, akikiri makosa yake, kwenye jiwe la karibu tani 20. Keti kwenye banda la Xung Khiêm juu ya ziwa la mayungiyungi. Karibu na hapo, kijiji cha Thủy Xuân hutengeneza vijiti vya udi, vikianikwa kama mashada ya rangi nyekundu, njano na zambarau. Ukitaka kupiga picha ndani ya mashada, nunua kifurushi au lipa kidogo; ndiyo taratibu yao.

Kuhusu mashua zenye vichwa vya joka kwenye Mto wa Manukato, mto upitao mjini: zitumie kwenda pagoda ya Thiên Mụ tu. Safari za mashua za makaburini hupoteza muda, kwa kuwa makaburi ya Tự Đức na Khải Định yako mbali na mto na utalipa tena pikipiki kutoka gatini. Patana bei ya mashua nzima. Na angalia noti: ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za samawati, na gizani ni rahisi kutoa moja ukidhani nyingine.

Thiên Mụ iko kilomita nne au tano magharibi ya mji, juu ya kilima kinachotazama mto, na haina kiingilio. Ilianzishwa 1601 na bwana Nguyễn Hoàng. Mnara wa mbele, Phước Duyên, wa pembe nane na ghorofa saba, mita 21, ni wa 1844. Huruhusiwi kupanda, unautazama kwa nje. Kwenye vibanda vya kando kuna kengele ya 1710 na jiwe la maandishi la 1715 mgongoni mwa kobe wa marumaru. Nyuma, pembeni mwa hekalu, imehifadhiwa gari ya Austin ya samawati iliyompeleka mtawa Thích Quảng Đức kwenye njia panda ya Saigon tarehe 11 Juni 1963, alikojichoma moto kupinga Wabudha kunyanyaswa. Mwezi mmoja kabla, tarehe 8 Mei, Wabudha waliokuwa wakiandamana hapa hapa Huế waliuawa. Ni mahali pa kushusha sauti. Mabega na magoti yafunikwe. Kitenge au shuka jepesi begani linatosha. Nenda saa kumi na moja jioni.

Chakula: bún bò Huế, supu ya tambi iliyoupa mji sifa, jina lake lina ng'ombe lakini kwa kawaida huwekwa kwato za nguruwe na damu iliyoganda. Muislamu atafute kibao kilichoandikwa "chay", chakula bila nyama. Huko Huế ni vingi, na tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo karibu mji mzima unakula hivyo.

Kipindi bora ni Februari hadi Aprili. Oktoba na Novemba mvua ni kubwa, mto hufurika, na makaburi yanaweza kufungwa siku nzima.

Từ Hiếu imeachwa mwisho makusudi. Ni ya 1843, ndani ya msitu wa misonobari, bila tiketi. Mtawa Thích Nhất Hạnh alifundishwa hapa akiwa kijana na akarudi kufia hapa Januari 2022. Vuka lango la matao matatu, zunguka dimbwi la nusu mwezi, kisha uliza yalipo makaburi ya matowashi wa ikulu. Hao ndio waliochanga pesa kupanua pagoda hii katikati ya karne ya 19, kwa sharti kwamba watawa wawafanyie ibada ya kila mwaka, maana watoto wa kuwafanyia hawakuwa nao.