Tahadhari kwa mnaokuja India: "Ndugu Mtanzania, nibebee hivi vito" ni utapeli

Ndugu na marafiki wa nyumbani, picha na habari za treni za huku mtazipata. Hili limetangulia kwa sababu baadhi yenu mna viza mkononi, na wengine mnawaleta wazee kutibiwa Delhi au Mumbai mkiwa na hela ya hospitali kwenye kadi. Watu wa aina hiyo ndio wanaowindwa.

Ukifika Jaipur, mtu yeyote akikuomba umbebee vito, au akitaka vitumwe Tanzania kwa jina lako ili vikiuzwa mgawane faida, huyo ni tapeli. Biashara hiyo haipo. Usikae kusikiliza mpaka mwisho kwa kuona haya kuondoka.

Utapeli wenyewe ni wa zamani, Wazungu wamelizwa nao Jaipur na Agra kwa miaka mingi. Sisi wameushona upya ututoshe. Jaipur ndiko tanzanite yetu nyingi inakokatwa: jiwe linatoka Mirerani, linapita kwa mabroka wa Arusha, linaishia kwenye karakana za huku. Kwa hiyo kijana akishakuuliza unatoka nchi gani, ana pa kuanzia. Aliyetufuata sisi alikuwa na "mambo vipi" na "poa kichizi kama ndizi". Aliijua Mirerani, aliujua ukuta uliozinduliwa mwaka 2018, na alimjua hata Saniniu Laizer, bilionea wetu wa 2020. Akataja na zile shilingi bilioni 7.74 alizolipwa kwa mawe yake mawili ya tanzanite, wakati mimi mtoto wa Arusha nilikuwa nimeshazisahau. Ukiwa mbali na kwenu, ukasikia mgeni anataja mambo ya kwenu namna hiyo, ugumu wote unakutoka.

Alitukuta karibu na Hawa Mahal, lile kasri wanalokwenda watalii wote wa Jaipur. Hakuuza kitu, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea, maana tunasubiri tapeli aje na bidhaa. Yeye alikuja kutusaidia. Alimfukuza dereva wa bajaji aliyekuwa anatung'ang'ania, akatupeleka kunywa lassi (kinywaji cha maziwa ya mgando), akalipa yeye. Alisema ni mwanafunzi na anataka kuzoea kuongea Kiingereza. Kisha akatoa lile neno ambalo nimeshasikia wanalitumia kwa kila mgeni: "Mbona watalii mnatuogopa? Hamtaki kuongea na sisi Wahindi?" Mswahili aliyelelewa vizuri akiulizwa hivyo anaona aibu, anakaa. Hakuna hata rupia moja iliyotajwa siku hiyo.

Kesho yake akaja na "kaka yake", na kaka ndiye mwenye karakana.

Tulipanda ngazi nyembamba kwenye kichochoro, tukavua viatu mlangoni. Ndani kulikuwa na godoro lililotandikwa shuka jeupe na mzee mmoja pembeni anasaga jiwe kwenye gurudumu, macho hayanyanyui. Chai ikaja, ya maziwa na iliki, kwenye vikombe vidogo vya udongo. Kaka akatoa karatasi zilizokunjwa, zile zile za mabroka wa Arusha zenye utando wa bluu kwa ndani, akawa anazifungua moja moja taratibu juu ya shuka. Zumaridi, yakuti, tanzanite. Mzani mdogo wa dijitali ukawekwa, kioo cha kukuzia kikapitishwa mkono kwa mkono. Kusema kweli ilipendeza.

Hadithi ikaanza. Kwamba serikali ya India inawabana na kodi kubwa wakisafirisha vito kibiashara, lakini mtalii ana ruhusa ya kutoka na vito vya maelfu ya dola bila kodi. Kwamba sisi ruhusa hiyo hatuitumii, basi tuwaazime. Wao watatuma kifurushi kwa posta kwa majina yetu, kikifika Dar atakuja mtu wao kukichukua, na tutalipwa vizuri, kwa sababu watalii wa Serengeti wakirudi Arusha wananunua vito kama karanga. "Hamtoi hela yoyote," alirudia hilo mara nyingi.

Sasa hebu tulipime. Bidhaa zinazouzwa nje ya India zinatozwa GST, yaani kodi yao ya bidhaa na huduma, ya asilimia sifuri, na vito ni moja ya mauzo ambayo nchi hii inayakuza kwa nguvu zote. Mfanyabiashara halali wa Jaipur anatuma mzigo wake New York au Hong Kong kwa kampuni ya usafirishaji, na nyaraka zote zipo. Jina la msafiri aliyemwokota barabarani jana la kazi gani? Hiyo ruhusa ya mtalii kumbebea mtu mwingine mzigo wa biashara ni ya kutungwa. Tena ukikubali kuingiza Tanzania vito vya mtu kwa jina lako bila kuvitamka forodhani, siku vikikamatwa mwenye kosa ni wewe, yeye yuko zake Jaipur anakunywa chai.

Mimi niliomba ile tanzanite niishike. Mjomba wangu alikuwa kwenye mawe, na kitu cha kwanza alichotufundisha watoto ni kuligeuza jiwe. Tanzanite ukiitazama upande mmoja inakupa bluu, ukiizungusha inakuja zambarau. Ile niliizungusha mpaka vidole vikachoka na ilikuwa bluu tu, pande zote, kama chupa. Kioo hakibadiliki rangi. Nilipochukua kile kioo cha kukuzia nikaona na viputo viwili vya hewa ndani. Nikamrudishia, nikamwambia asante kwa chai. (Jiwe kubadilika rangi peke yake hakutoshi kukuhakikishia, maana kuna bandia nyingine za maabara zilizotengenezwa kwa ustadi zaidi. Mwenye nia ya kununua kweli apeleke jiwe likapimwe. Jaipur ina maabara ya vito iliyoanzishwa mwaka 1972 na baraza la India la kukuza uuzaji wa vito nje ya nchi. Muuzaji anayekasirika ukitaja kupima ameshakujibu.)

Tuliondoka. Ila mwenzetu mmoja, kijana wa Mwanza tuliyekutana naye nyumba ya wageni, alirudi peke yake bila kutuaga. Ameniruhusu niyaeleze haya bila jina. Alikuwa amemleta mama yake Delhi kufanyiwa upasuaji wa goti, akapata nafasi ya kutembea kidogo wakati wanasubiri vipimo.

Walimwonyesha mawe ambayo nadhani yalikuwa ya kweli. Yakawekwa kwenye boksi mbele yake, boksi likashonewa kitambaa cheupe kwa sindano na uzi kama vifurushi vya posta ya huku vinavyofungwa tangu zamani, mishono ikapigwa lakiri nyekundu, na yeye akaweka saini yake juu ya kitambaa. Ukiona saini yako na lakiri unajua hapa hakuna mchezo. Wakaenda wote posta, risiti akapewa yeye. Lililokuwa ndani wakati boksi linapelekwa "chumba cha pili kukata kitambaa" hakuliona.

Jioni ikapigwa simu, mtu anajiita ofisa wa forodha. Kifurushi kimezuiliwa. Mzigo una thamani kubwa na mtumaji ni mtalii, kwa hiyo athibitishe kwamba ana uwezo wa kuununua, la sivyo atahojiwa uwanja wa ndege. Kaka naye akaingia kwa upole: usiogope, swipe kadi yako hapa dukani, ni uthibitisho tu, hela inarudi kesho kutwa. Ameswipu dola 1,900. Asubuhi "ofisa" akataka nyingine. Hapo ndipo akatugongea mlango.

Tulipigia simu benki yake nyumbani, kadi ikafungwa, tukaenda polisi, polisi wakaja na sisi mpaka kichochoroni. Kufuli. Majirani hawamjui mtu. Mpaka ninapoandika hela haijarudi, na ukoo mzima Mwanza umeanza kuchangishana upya kwa ajili ya goti la mama. Sitaji jina la duka kwa sababu halikuwa na kibao, na kesho litakuwa na jina lingine kwenye ngazi nyingine.

Mengine niyapitie haraka, kwa kuwa yote yana tabia moja: mtu anakufuata wewe, anakuambia mlango unaoutafuta umefungwa, kisha anakufungulia wa kwake.

Stesheni ya New Delhi, upande wa Paharganj, kuna ofisi ya tiketi ya wageni, ghorofa ya kwanza ndani ya jengo la stesheni lenyewe. Nje mtasimamishwa na watu wasafi wenye vitambulisho shingoni: ofisi imehamishwa, imeungua, inakarabatiwa. Watawapakia kwenye bajaji mpaka "ofisi ya utalii ya serikali" pande za Connaught Place, katikati ya jiji. Hizo ni ajensi za watu binafsi zenye bango la kujifanya serikali. Ofisi ya kweli ya utalii ya serikali ipo namba 88, barabara ya Janpath. Mkiingia kwenye hizo za bandia, mtaambiwa treni zote zimejaa mwezi mzima na mtauziwa gari na dereva, au boti ya kulala Srinagar, Kashmir, sehemu ambayo hata hamkuwa na mpango nayo. Pandeni ngazi za stesheni wenyewe, msimjibu mtu.

Tiketi ya treni ukinunua kwa ajenti, soma kabla hujatoa hela. Ikiandikwa CNF una kiti. Ikiandikwa WL uko kwenye foleni ya kusubiri, hata kama ajenti anaapa kwa miungu yote kwamba itatoka. Tiketi ina namba ya PNR, yaani namba ya nafasi uliyowekewa, yenye tarakimu kumi, iangalie mwenyewe mtandaoni ukiwa bado umesimama dukani kwake.

Chenji: noti za zamani za 500 na 1,000 zilifutwa Novemba 2016, na ile ya 2,000 benki kuu ilitangaza kuiondoa Mei 2023. Bado kuna wajanja wanawapa wageni usiku. Noti ya 500 ya sasa ni ya kijivu, nyuma ina picha ya Red Fort, ile ngome ya Delhi. Taj Mahal hufungwa Ijumaa, kwa hiyo anayekuambia Jumanne kwamba pamefungwa anataka kukupeleka dukani. Mgeni analipa rupia 1,100, na 200 juu yake ukitaka kuingia kwenye kaburi lenyewe.

Varanasi, pale wanapochoma maiti kando ya Ganges, atakuja mtu atakueleza habari za wazee maskini wanaosubiri kufa na kukuomba uwanunulie kuni kwa kilo. Inauma kusikia. Kuni zile hazifiki kwa mzee yeyote.

Na viza. Tovuti ya serikali ni indianvisaonline.gov.in, angalia hiyo gov.in mwishoni. Zile zinazotangulia kwenye matangazo unapotafuta ni za madalali wanaokula juu. Wanaowasindikiza wagonjwa wana viza yao ya msindikizaji, na mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili, msikubali kuuziwa ya utalii.

Namba za kuweka kwenye simu tangu uwanja wa ndege: 1363 ni ya watalii, saa 24, wanapokea kwa Kiingereza na hata Kiarabu, ingawa Kiswahili hamna. 112 ni polisi. 1930 ni ya wizi wa hela kwa mtandao.

Kama kuna mtu wenu yuko Jaipur sasa hivi na kifurushi kimeshashonwa, mwambieni aanze na benki kabla ya kitu kingine. Kadi ifungwe, muamala upingwe kwa maandishi, namba ya kumbukumbu aiandike. Forodha haimpigii mtalii simu kumtaka aswipe kadi dukani kwa mtu, kwa hiyo "ofisa" akipiga asipokee. Karakanani asirudi peke yake kudai haki yake, aende na polisi. Risiti ya posta, picha ya kifurushi na namba zote zilizompigia azitunze, polisi walizitaka kwanza kabla hawajaandika chochote.