Nimebandua utando wa monita, picha imekuwa safi. Lakini jua la Kisumu je?

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo sina monita mpya. Hii hapa ni mtumba kutoka Uingereza, inchi 24, paneli ya IPS (aina ya skrini ambayo rangi hazibadiliki sana ukiitazama kutoka pembeni) ya miaka ile ya 2011, wakati IPS nyingi zilikuja na utando mzito wa kuzuia mng'ao.

Nasogeza kamera. Huu ni ukurasa mweupe mtupu. Mnaziona hizo chenga? Nikisogea kidogo zinametameta, huku wekundu, huku kijani. Si vumbi, usijisumbue kupangusa. Uso wa utando umeparuzwa makusudi ili mwanga wa dirishani utawanyike usikurudie machoni. Shida ni kwamba mwanga unaotoka ndani nao unatawanyika, ndiyo maana herufi zinakosa makali na, ikiwa mchana, rangi nyeusi inageuka kijivu.

Sasa tazama ya pili, modeli ileile, utando umetoka. Nyeupe ni nyeupe. Kwenye hii picha ya harusi, hata nyuzi za shela unaweza kuzifuata moja moja.

Namna ya kuutoa: chomoa waya wa stima, toa fremu ya plastiki, laza skrini chali. Lowesha tishu nene za jikoni, zikamue, uzitandaze. Pembezoni acha nafasi, hasa upande wenye nyaya bapa za paneli, kwa kawaida chini. Maji yakiingia pale, umeua monita. Funika kwa nailoni zisikauke, acha saa kadhaa hadi gundi ilegee. Kona moja, kwa kucha, si wembe. Vuta polepole, karibu ulale na kioo, usiinue juu. Ikigoma, ongeza maji, usishindane nayo. Gundi inayobaki ipanguse kwa kitambaa laini chenye maji tu. Asetoni na dawa ya madirisha, hapana.

Hapa nisikilizeni vizuri. Kinachotoka kinapaswa kuwa cheupe chenye ukungu. Ukiona kona inatoka na rangi ya kijivu cha moshi, acha hapo hapo! Hiyo ni polaraiza, yaani kichujio cha mwanga kinachofanya picha ionekane, na bila hiyo skrini inawaka nyeupe tupu. Picha bado ipo, ila utaiona kwa miwani ya polaraizi pekee, na sidhani mteja wako atakubali kuvaa.

Halafu huo uso ulioachwa wazi ni laini. Kalamu ya mtoto tu inatosha kuuchora.

Sasa uamuzi wangu. Nawasha hii iliyobanduliwa saa nane mchana, dirisha wazi, nje kuna mabati mapya ya jirani. Mnaona nini? Mnaniona mimi na shati langu. Kwa anayehariri picha usiku, au ana pazia zito, fanya, utaipenda. Kwa saiba yenye mlango unaotazama barabara, wacha kabisa. Geuza meza, dirisha likae ubavuni mwa skrini, utapata nusu ya faida bila kulowesha chochote.

Na kabla hamjauliza kuhusu laptopu na monita za siku hizi: nyingi mparuzo umewekwa juu ya polaraiza yenyewe. Hakuna utando wa kubandua pale, kwa hiyo kucha zako ziweke mbali.