Nywele asili wakati wa baridi: nunua kitambaa kabla ya mafuta

Baridi ikikaribia, wenye nywele asili huuliza swali lile lile: ninunue mafuta gani? Nimeulizwa mara nyingi, na kila mwaka jibu langu linazidi kuwa fupi: anza na kofia. Mafuta yana kazi yake, lakini kwenye orodha yangu ya vitu vitano vya kununua yanashika nafasi ya nne.

Nililijua hilo kwa hasara. Msimu mmoja wa baridi nilivaa koti la sufu lenye ukosi mrefu karibu miezi mitatu mfululizo, na nywele nazipaka mafuta asubuhi na jioni. Siku nilipolitandaza kitandani nilisafishe, nikaona ndani ya ukosi vipande vya nywele, vifupi kuliko ukucha, vimejisokota kwenye nyuzi za sufu. Nilivichomoa kimoja kimoja nikavitazama kwenye mwanga. Unywele uliong'oka wenyewe huwa na kidoti cheupe upande wa mzizi. Hivi havikuwa nacho hata kimoja. Vyote vilikuwa vimekatika. Nilipopeleka mkono kisogoni, nywele za huko zilikuwa fupi nusu ya zile za utosini.

Baridi huumiza nywele kwa njia mbili, ukavu na msuguano, na mafuta huzuia kidogo tu ya kwanza. Kuhusu ukavu: hewa ya nyuzi 0 za selisiasi, hata ikijaa unyevu, hubeba takriban gramu 5 tu za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani ikapashwa moto hadi nyuzi 20, hewa hiyo hiyo ina nafasi ya gramu 17. Basi hunyonya maji popote inapoyakuta: midomoni, kwenye ngozi, kwenye nywele. Nywele za kipilipili huumia zaidi kwa kuwa mafuta ya ngozi ya kichwa hayateremki kirahisi kwenye mizunguko yake, na kila kona ya mzunguko ni mahali pa kukatikia.

Nafasi ya kwanza: kofia yenye bitana ya satini

Kofia ya sufu au pamba hunyonya unyevu na kukwaruza kwa wakati mmoja. Bitana ya satini huacha nywele ziteleze. Lakini usinunue kwa kusoma lebo tu. Igeuze kofia ndani nje uangalie bitana inaishia wapi. Nyingi zina satini utosini pekee, halafu ule ukingo unaobana paji la uso, masikio na kisogo ni sufu tupu, na hapo ndipo nywele zilipo laini kuliko kwingine. Bitana ifike ukingoni kabisa. Kisha ijaribu ukiwa na nywele zako kama unavyozivaa kila siku, si baada ya kuzibana; kofia ikikuachia alama kwenye paji, ni ndogo.

Hariri au satini? Satini ni jina la ufumaji, si la uzi, na satini nyingi zinazouzwa ni za poliesta. Hariri hutoka kwa mdudu wake, bei yake iko juu na kufua kwake ni kwa uangalifu. Zote mbili zinateleza. Kama fedha ni ya kuhesabu, chukua satini, na kinachobaki nunua foronya ya satini, maana usiku kichwa hukaa juu ya mto saa nyingi kuliko kinavyokaa ndani ya kofia. Ukosi wa koti langu niliushonea kipande cha satini kwa sindano ya mkono. Kazi ya jioni moja, na ndiyo iliyookoa kisogo changu.

Nafasi ya pili: kondishona nzito ya kusuuza

Hii ndiyo ya kuacha kichwani dakika 20 hadi 30, umevaa kofia ya plastiki, kila unapoosha. Viambato kwenye chupa hupangwa kwa wingi, kwa hiyo vile vitano vya mwanzo ndivyo unavyovilipia. Maji yatangulie. Ukiona "Cetyl Alcohol" au "Cetearyl Alcohol" usiogope neno alkoholi: hizo ni za mafuta na hulainisha. Ya kukwepa ni "Alcohol Denat." ikiwa karibu na mwanzo, kwa sababu hiyo hukausha. Na ile asali au parachichi iliyochorwa mbele ya chupa, itafute kwenye orodha. Mara nyingi utaikuta mwishoni, baada ya manukato. Ile ya protini iweke kwa zamu chache. Ikizidi, nywele hukakamaa kama katani.

Nafasi ya tatu: kondishona ya kuacha kichwani

Chagua iliyo kama maziwa mazito, si maji ya kupulizia. Angalia gliserini iko wapi kwenye orodha. Gliserini huvuta maji. Hewa ikiwa na unyevu inakusaidia, lakini hewa ikiwa kavu, maji yaliyo karibu nayo ni yale ya kwenye unywele wako. Kwa miezi hii nataka iwe mbali na mwanzo.

Nafasi ya nne: mafuta

Mafuta hayaleti maji, hupunguza kasi ya kutoroka kwake. Yapakwe juu ya nywele zenye unyevu. Kwenye baridi naweka mbele mafuta ya mbarika, kwa sababu ni mazito na hayagandi chupani. Changanya na mafuta mepesi yasinate. Jojoba inafuata. Kwa hakika ni nta iliyo kimiminika, inakaribiana na mafuta ya ngozi yetu, na inafaa kwa nywele nyembamba. Siagi ya shea ni nzuri kwa ncha, ila kwenye baridi huwa ngumu na kuacha vibonge vyeupe, hivyo isugue viganjani hadi iyeyuke yote. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Sifa yake ni kupenya ndani ya unywele, kwa hiyo yatumie kabla ya kuosha. Hata mafuta ya mgando, ambayo wengi huyadharau, huziba vizuri sana kwenye ncha. Shida yake ni kwamba hayatoki kirahisi ukiosha.

Nafasi ya tano: kifaa cha kuongeza unyevu chumbani

Nimekiweka hapa kwa sababu ya gharama na usumbufu, si kwa sababu hakisaidii. Anza na kipimaunyevu, kidude kidogo cha kuweka mezani. Kikisoma asilimia 40 hadi 50, huhitaji kingine. Kikishuka chini ya 30, kifaa kina kazi. Usipitishe 60, ukuta utaota ukungu. Kioshe mara kwa mara, maana maji yaliyolala ndani yake huzaa vijidudu ambavyo vitapulizwa chumba kizima.

Rasta sizipangi kwenye orodha hii. Zinakinga ncha, ndiyo, lakini zikisukwa kwa kubana zinang'oa nywele za pembeni, na kwenye baridi huchukua muda mrefu kukauka zikioshwa. Unywele uliolowa huvutika na kukatika upesi kuliko mkavu. Ukizisuka, ziwe kubwa kiasi, na uzioshe siku ambayo hutoki nje hadi kesho yake.